Mzee Kopo na Udongo wa Chini ya Mlimao

"Sufuria yangu ya harusi imegeuka chungu cha matope, halafu naambiwa nipunguze sauti, majirani wanasikia. Wasikie. Tena wasogee karibu wasikie vizuri."

Aliyekuwa anasema hivyo ni bibi yetu, mke wa marehemu, amesimama kwenye mlango wa jikoni mikono kiunoni. Aliyekuwa anaambiwa ni kaka yake, dereva wa lori, ambaye alipita kusalimia tu na sasa alikuwa anajuta kwa nini hakupitiliza. Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 1988, mvua za kwanza zimeshanyesha. Nyuma ya nyumba, juu ya mafiga, sufuria kubwa kuliko zote za nyumba ile ilikuwa inatoa mvuke, imefunikwa kipande cha bati. Marehemu alikuwa amechuchumaa pembeni, anasogeza kuni taratibu kama mtu anayechemsha chai ya jioni.

"Kaka, hebu muulize shemeji yako anapika nini."

"Shemeji, unapika nini?"

"Udongo," marehemu akajibu.

"Umeiva?"

"Bado. Kiazi bado kigumu."

Ndivyo ilivyokuwa. Katikati ya udongo ule alikuwa anafukia kiazi kibichi, na kiazi kikiiva ndipo anajua joto limefika hadi ndani na vijidudu vyote vimekufa. Baadaye kiazi anakimenya na kukila, hapo hapo, bila chumvi. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta, akauliza kama aongeze kitunguu. Dada yake hakucheka. Akaendelea na sufuria yake, nani alimpa, ilipikia watu wangapi, na sasa hata kunawia miguu haifai.

"Haya, mtaendelea," marehemu akasema, akasimama. "Mimi miche yangu ina kiu."

Akachukua kopo lake, akaondoka. Na huyo ndiye mtu tuliyekuja kumzika leo. Hakuna anayekumbuka ugomvi hata mmoja aliowahi kuumaliza. Alikuwa anautoka katikati, kama abiria anayeshuka kabla gari halijafika kituoni, na anayebaki anabaki anajibizana na hewa.

Marehemu, ambaye wengi mliofika hapa mnamjua kwa jina la Mzee Kopo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1950, mtoto wa tatu kati ya sita, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Baba yake alikuwa mnoa misumeno na mama yake alishona magunia. Nyumba zenyewe zilijengwa kwa mabanzi, na uani hakukuwa na udongo, kulikuwa na vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa miguu. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba watoto wengine walikula udongo kwa sababu uko mlangoni, lakini huyu wake alikuwa anatambaa hadi nje ya uzio kuutafuta.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, ile iliyokuwa nyuma ya kiwanda, ambayo msumeno ukiwashwa mwalimu ananyamaza na darasa linapumzika. Alikuwa mwanafunzi wa kawaida, ila alichelewa sana. Mwalimu mkuu akampa adhabu ya kumwagilia maua ya mbele ya ofisi wiki nzima. Wiki ilipoisha akachelewa tena, akapewa tena maua. Mwezi wa pili mwalimu mkuu akashtuka, akamwita.

"Wewe mtoto, unachelewa makusudi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na nikikupa adhabu ya kufagia?"

"Nitawahi, mwalimu."

Alimaliza mwaka 1965 na nafasi ya sekondari aliipata, lakini mwaka huo huo baba yake aliumia mkono kazini, nyumba ikahitaji mtu mwingine wa kuleta chakula. Basi akaenda kazini. Watoto na wajukuu wake wote aliwahimiza kusoma, ila aliyeacha njiani hakuwahi kumcheka wala kumnyanyapaa. Alikuwa anampa jembe na kumuuliza anaonaje.

Januari 1966 aliajiriwa kibarua kwenye kitalu cha miche cha idara ya misitu, kazi yake kujaza udongo kwenye viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche. Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Wenzake walimwagilia kwa mpira wa maji, yeye akatafuta kopo la maziwa ya unga, akalitoboa matundu kwa msumari, akawa anapita mche kwa mche. Walimcheka. Aliwajibu kwamba mpira unaupiga mche, kopo linaunyeshea. Alifanya kazi pale hadi kitalu kilipofungwa mwaka 1985, na makopo aliyomaliza hayana hesabu, maana yalikuwa yanaoza kwa kutu naye anatoboa jingine.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na mpishi wa shule ya bweni. Alipokwenda kumposa hakubeba kitambaa wala viatu. Alibeba mche wa mlimao kwenye kiriba. Bibi harusi mtarajiwa aliutazama, akamtazama na yeye.

"Wenzako wanaleta gauni."

"Gauni litachakaa."

"Na mimi nitavaa nini, majani?"

Lakini aliupokea. Siku walipohamia kwenye nyumba yao aliupanda nyuma ya jikoni, akamwambia mumewe, mti huu ni wangu, hapa usilete jembe wala dawa zako. Akaulea kwa namna yake: maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa pale, majivu kidogo pale, majani yakidondoka yakaachwa palepale yakaoza. Hakuna aliyewahi kupalilia chini yake. Sufuria kubwa ilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa wapishi wenzake, na hiyo nayo aliitangaza kuwa yake. Upande wa mlimao alitiiwa. Upande wa sufuria ndiyo mmeshasikia.

Mwaka 1985 marehemu alifungua kitalu chake mwenyewe, kwenye kile kipande kati ya nyumba na gereji ya baiskeli. Alijikita kwenye michungwa. Mbegu za malimao ya mkewe alizipanda, miche ikifika unene wa penseli anaibebesha kikonyo cha mchungwa, kijitawi chenye macho, anafunga kwa utepe, anasubiri. Kwa hiyo kila mchungwa uliotoka kwenye kitalu kile ulikuwa juu mchungwa na chini mlimao, tena mlimao wa nyuma ya jikoni. Mbegu alizichukua pale miaka yote. Udongo wa pale hakuwahi kuugusa.

Mwaka 1988 miche yake yote ilioza shingo, pale shina linapotokea udongoni. Ililala chini safu kwa safu, na hakuwa na kitu cha kuuza. Ndipo akaanza kupika udongo. Na kwa kuwa udongo uliopikwa ulikuwa kama umeishiwa nguvu, akaongeza mbolea ya kupandia, kijiko kwa kila kiriba, halafu kijiko kingine. Miche ikatoka minene, majani meusi kwa ukijani, imesimama kama askari wa gwaride. Hakuna uliooza tena. Akawa anamwambia kila mteja, "Mche wangu haurudi," na kweli haikurudi. Mtu ananunua miwili mitatu, anaipanda karibu na nyumba, kando ya uzio, inashika, inazaa, anarudi kushukuru. Kwa miaka minane Mzee Kopo alikuwa mtu mwenye raha.

Halafu shemeji akachoka na barabara.

Mgongo ulikuwa umemwisha. Mwaka 1996 aliamua kwamba atalaza lori, apande michungwa na kukaa nyumbani kama watu wengine. Alikuwa na shamba zuri, tambarare, lililolimwa kabichi miaka mingi, trekta likiingia kila msimu, mbolea ya dukani haikukosekana, jani la gugu halionekani. Shamba safi kama meza. Akaja na lori lenyewe, akapakia miche ya marehemu hadi kitalu kikabaki na nyayo tu. Marehemu aliipanda naye kwa mikono yake, kisha akamwambia mbele ya dada yake, "Shemeji, huu ndio mgongo wako mpya."

Miche ilisimama. Tatizo ni kwamba ilisimama tu. Mwaka wa kwanza haikuongeza kitu. Mwaka wa pili majani yakawa madogo, ya njano katikati ya mishipa, na jua likiwaka kidogo yanajikunja kama yamesikia habari mbaya. Shemeji akaongeza mbolea. Hali ikawa mbaya zaidi. Akaja kitaluni.

"Umeniuzia miti ya plastiki."

"Miche yangu mtaa mzima inazaa. Ni maji. Hunyweshei."

"Nanywesha kuliko wewe unavyooga."

"Basi unanywesha vibaya."

"Kopo, mimi nimeacha kazi kwa ajili ya miti yako."

Hapo ndipo marehemu aliposema haya, mtaendelea, akachukua kopo. Ila safari hii aliyebaki nyuma hakucheka. Mwaka 1998 shemeji aliwasha lori, akafunga mkanda wa kitambaa kiunoni kuushika mgongo, akarudi barabarani. Na hakukanyaga tena kwenye nyumba ile. Salamu za dada yake alikuwa anazipokea kupitia watu wa gereji.

Mkewe marehemu hakuchukua upande, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi marehemu. Alikuwa anaweka chakula mezani na kusema, "Huyu mume wangu, yule tumenyonya ziwa moja. Mnataka nijikate wapi?" kisha anakwenda kukaa chini ya mlimao wake. Marehemu alikuwa anabaki na sahani. Msidhani alikuwa na amani kwa sababu alikuwa kimya. Lori lolote likipita barabarani, mkono wake wenye kopo ulikuwa unasimama hewani, maji yanaendelea kudondoka mahali pamoja, mpaka lipite.

Mwaka 1999, mwanzoni mwa kiangazi, alifanya kitu ambacho muuza miche hafanyi. Alikwenda kwenye shamba la shemeji, mwenye shamba akiwa safarini, akang'oa mti mmoja mzima na mizizi yake, akaufunga kwa gunia bichi, akaupeleka chuo cha kilimo. Alimkuta mtaalamu wa udongo, dada mmoja mwembamba mwenye koti jeupe lenye madoa ya chai. Akamwekea mti mezani.

"Mwanangu, niambie huu umekufa na nini, na usinionee huruma."

Yule dada aliugeuza geuza, akamuuliza, je, una mti mwingine wa jamii hii ulio na afya kweli kweli, usiowahi kuwekewa kitu? Marehemu alifikiri sana. Wa pekee ulikuwa nyuma ya jikoni. Akarudi nyumbani, akasubiri mkewe aende sokoni, akachota kiganja cha udongo na vimizizi chini ya mlimao kama mwizi, akarudi nao chuoni kwenye mfuko wa shati.

Siku aliyoitwa kupewa majibu, aliambiwa aweke jicho kwenye hadubini, kile kioo cha kukuzia vitu. Aliona mzizi wa mlimao, na ndani yake nyuzi za bluu, maana walikuwa wameutia rangi, nyuzi zimejisokota na kupita kila mahali, zinatoka nje ya mzizi na kuendelea. Akabadilishiwa. Mzizi wa mchungwa wa shemeji ulikuwa mtupu kama mrija wa soda.

"Zile nyuzi ni nini?"

"Ni kuvu, mzee. Ukungu mzuri. Ni nyembamba kuliko nywele, zinafika kwenye udongo ambako mzizi haufiki. Zinauletea mti maji, zinauletea chakula, na mti unazipa sukari inayotengenezwa na majani. Wanalishana. Michungwa na milimao ndiyo haiwezi kabisa bila hao. Sasa nieleze, udongo wa miche yako unauandaaje?"

"Naupika."

"Unaupika?"

"Na kiazi."

Yule dada alikaa chini kwanza. Kisha akamweleza kwa upole kwamba moto hauchagui. Ukungu unaoozesha shingo ulikufa, na huu mzuri ukafa nao. Halafu vile vijiko viwili vya mbolea vikaukomesha kabisa, maana mti ukishibishwa namna ile hauna haja na mwenzake, unamfungia mlango. Miche ikawa mikubwa kwa sababu inalishwa kwa kijiko. Iliyopandwa karibu na nyumba ilipona kwa sababu udongo wa pale una majani, una miti, una magugu, kuvu zipo, zikaingia kwenye mizizi zenyewe. Ila shamba la shemeji lilikuwa halina cha kuisaidia. Kabichi haikai na kuvu hizi. Trekta linakata nyuzi zake kila msimu. Mbolea imejaa, na ardhi imebaki uchi haina mzizi wa kuzitunza.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" marehemu akauliza.

"Nusu yako, nusu ya shemeji yako."

"Haiwezekani ikawa robo yangu?"

"Haiwezekani, mzee."

Alirudi nyumbani akiwa na la kufanya na hofu ya kulifanya. Alitakiwa kuchukua udongo mbichi wa chini ya mlimao, na vimizizi vyake, autie kwenye shimo la kila mchungwa wa shemeji. Yeye, aliyepoteza kitalu kizima kwa udongo mbichi. Mtaalamu alimwambia ajaribu kwanza kwenye viriba vichache, na achukue tu chini ya mti ambao hauna ugonjwa. Akajaribu kwenye kona moja. Kila asubuhi alikwenda kuvitazama vile viriba kabla ya kunawa uso, akiwa na uhakika vimelala. Havikulala. Viliweka majani mapya.

Ikabaki ruhusa. Ilibidi amwambie mkewe, na kumwambia ilibidi aeleze kila kitu, pamoja na ule udongo wa mfuko wa shati. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo umenipikia sufuria miaka kumi na moja kuua kitu ambacho mimi nilikuwa nakifuga bure nyuma ya jikoni."

"Ndiyo."

"Na kaka yangu anaendesha lori na mgongo ule."

Marehemu alichukua kopo, kisha akalirudisha chini.

"Chukua," mkewe akasema. "Upande wa nje tu, kule matone yanakodondokea. Ukigusa mizizi mikubwa utalala gereji. Na unapochota unarudisha majani."

Msimu ule wa mvua, watu wa mtaa walimwona Mzee Kopo na baiskeli ya kuazima gereji, beseni limefungwa nyuma kwa mpira, anakwenda na kurudi. Alifukua kila mti pembeni kidogo, akatia udongo wa mlimao ukagusana na mizizi, akafukia. Kati ya mistari akapanda maharage, na majani mengine akayaacha yaote. Mbolea hakutia, alitia samadi iliyooza vizuri, kidogo. Trekta lilipofika kama kawaida yake, alisimama mbele yake amevua kofia, akamwambia dereva, "Kuna mgonjwa humu. Rudi wiki ijayo." Wiki ijayo akawa pale pale. Wiki iliyofuata dereva wa trekta alisimamisha kwa mbali, akauliza mgonjwa anaendeleaje, akageuza.

Shemeji alirudi kutoka safari ndefu akakuta shamba lake lililokuwa safi kama meza limejaa majani na maharage. Alikuja kitaluni kwa miguu, hakukumbuka hata kuzima lori.

"Miti umeniua, sasa na shamba umeniharibia. Nani alikuruhusu?"

"Nusu ya kosa ni yangu," marehemu akasema. "Narekebisha nusu yangu. Yako ni trekta na mbolea."

"Yangu?"

"Haya, shemeji. Utaendelea. Miche ina kiu."

Akaondoka. Lakini alipofika mwisho wa safu aligeuka, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akasema, "Nipe mvua mbili. Zikipita bila kitu, ng'oa yote, na mimi nitapanda lori hilo niwe utingo wako."

Mvua ya kwanza haikuleta kitu cha kuonekana. Marehemu alikonda. Mvua ya pili, machipukizi yakatoka, si mti mmoja mmoja, shamba zima, majani mapana yenye mng'ao. Kiangazi kilichofuata majani hayakujikunja. Shemeji hakusema samahani wala marehemu hakuidai. Alisimamisha lori mbele ya kitalu siku moja, akateremsha kioo, akauliza, "Kopo, ule udongo umebaki? Kuna mitatu ya pembeni hukuifikia." Mkewe marehemu, aliyekuwa anaanika nguo, aliingia ndani akatoka na vikombe vitatu.

Mwaka 2003 shemeji alilaza lori moja kwa moja. Machungwa ya kwanza ya maana aliyaleta gunia zima, akampa dada yake mkononi. Marehemu aliponyoosha mkono akaambiwa, "Haya ya dada. Wewe kula kiazi chako."

Tangu hapo hadi mwisho, hakuna aliyenunua mche kwa Mzee Kopo akaondoka na mche peke yake. Udongo aliendelea kuupika, kwa sababu kuoza shingo hakukuwa kumekwenda popote, ila ukishapoa aliutia konzi ya udongo wa mlimao kama mtu anavyotia hamira kwenye unga. Kijiko cha mbolea kikawa robo. Na mteja alipewa kopo la udongo wa chini ya mlimao, aende akautie shimoni, na maneno yale yale: usimlishe sana, ukimshibisha atamfukuza mwenzake. Usichimbechimbe. Usimwache uchi.

Mwaka 2019 alianza kuvimba miguu na kuhema akipanda ngazi. Hospitali wakasema ni moyo, umechoka na umepanuka. Alikatazwa kubeba vitu vizito. Akauliza kama kopo ni kitu kizito, daktari akamwambia inategemea anakwenda nalo mara ngapi. Basi akawa anamwagilia amekaa juu ya debe, akimaliza miche anayoifikia anasogeza debe. Alilazwa mara mbili, Agosti 2022 na Novemba 2023, na mara zote mbili aliporudi alipita kitaluni kabla ya kuingia ndani. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi ya wanaume waliovumilia kuulizwa nani anamwagilia yale maua ya kwenye korido.

Marehemu ameacha mke, watoto wanne, ambao ni muuguzi, fundi umeme, mshona viatu na mwalimu, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, shemeji yake, na mlimao, ambao mwenyewe alikuwa anauhesabu akiulizwa familia. Sufuria nayo ipo. Juzi mmoja wa binti zake aliichukua aisugue, bibi akamnyang'anya. Alisema, "Miaka yote naidai. Sasa imerudi, na siitaki ikiwa safi."

Kaburi lake limechimbwa pale alipoelekeza mkewe, nje ya kivuli cha mlimao, kule matone yanakodondokea. Wachimbaji waliambiwa mizizi mikubwa isiguswe, na haikuguswa.

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, asubuhi, shemeji alikuwa amekuja na wazo lake. Nyasi kati ya michungwa zimekuwa ndefu, zinaficha nyoka, yeye anataka trekta lipite mara moja tu. Dada yake akamwambia trekta likipita na yeye atapita juu yake. Sauti zikapanda. Shemeji akamgeukia marehemu, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Kopo, mwambie mkeo. Mara moja tu. Miti imekua, haitajua."

"Itajua," marehemu akasema.

"Wewe na nyuzi zako."

"Fyeka. Majani yaache palepale."

"Nani wa kufyeka shamba zima na mgongo huu?"

"Mgongo upi," dada yake akadakia, "huo wa kubebea redio?" Na wote watatu wakacheka, kisha wale wawili wakaendelea pale walipoachia.

Marehemu aliinuka taratibu, akishika ukuta. Akachukua kopo nyuma ya mlango. "Haya, mtaendelea," akasema, akatoka.

Waliendelea kweli, kitambo kizuri tu. Walipotoka kumwomba aamue, walimkuta amekaa juu ya debe, mgongo umeegemea ukuta wa gereji, kopo limelala tupu miguuni. Nusu ya safu ilikuwa imelowa. Shemeji alivua koti akamfunika, akakaa naye hadi watu wakafika. Kisha aliokota lile kopo, akalijaza, akamalizia nusu iliyobaki, mche kwa mche, kwa kasi ile ile ya marehemu. Trekta hajalitaja tena.

Mzee Kopo, udongo uliokuwa unauchota kwa ruhusa, leo umepewa bila masharti. Sisi huku juu bado tuna maneno mengi, na tutaendelea. Wewe nenda babu. Una kazi.